Mbwa Asiyeonyeshwa Kaburi

Jua lilikuwa linazama Olga alipochukua gunia tupu na kwenda kuleta mbwa. Nguruwe wa porini walikuwa wamefagia nusu ya karanga zake, na mumewe Gédéon si mtu wa kumtegemea kwa ulinzi. Gédéon alikuwa hodari wa mizaha, lakini alikimbia hata nyoka aliyekufa. Kwa hiyo mama wa watu alitembea peke yake hadi mwisho wa mji wa Kasongo, kwenye darasa bovu walimolala watu waliokimbia vita vya Kabambare.

Marie, mama mmoja wa kijiji cha Wamaza, upande wa Kabambare, alimtoa mbwa pembeni kwa kamba. Alikuwa mbwa mzima, wa rangi ya kahawia, sikio moja limepasuka, na macho yametulia.

"Bwana yake alikuwa muwindaji," Marie alinong'ona. "Muzee Théophile. Alikufia mu njia, mguu ya kulia ilivunjika, tulikuwa tunamubeba mu kipoyi, kitanda ya kubebea wagonjwa. Imbwa jina yake Tutaonana."

"Anauma?"

"Hapana. Anangoja tu."

Olga angeuliza anangoja nini. Hakuuliza. Mwenye shida hana macho ya kuchagua, na karanga zilikuwa zinaliwa.

Kwao Olga, mbwa mkubwa hapokelewi hivi hivi, maana ana kwao tayari. Alimfunika kichwa kwa gunia asiijue njia ya kurudi. Alipofika nyumbani akamkata nywele kidogo za mkia, akazifukia chini ya figa moja la jikoni, kama bibi yake alivyokuwa akifanya. Kisha akatafuna tonge la bukari, ugali wa kwao, akalitia mate yake, akamlisha kwa mkono.

"Kuanzia leo kwako ni hapa," alimwambia. "Mafiga yakushike."

Gédéon alikuwa amepanda juu ya kiti kwa woga.

"Mama Serge! Unaniletea mugeni bila kuniuliza? Atalala wapi, mu kitanda yangu?"

Walicheka mpaka machozi. Wacha niseme mapema: hicho ndicho kicheko cha mwisho kilichosikika katika nyumba ile.

Mbwa hakwenda shambani hata mara moja. Alilala kizingitini, pua imeelekea njia ya Kabambare. Kila jua likishuka aliinuka na kutikisa mkia, ukagonga mlango. Tap... tap... tap. Olga alichungulia njiani. Hapakuwa na mtu.

Jioni ya tatu, mluzi ulisikika nyuma ya migomba.

Fwiiii...

Ulikuja taratibu, kama wa mtu aliyechoka kutembea. Kisha ikaja harufu: tumbaku mbichi, nyama ya moshi, na udongo uliotoka kuchimbwa. Tutaonana akalia kidogo. Akaondoka kizingitini, akasogea pembeni kumpisha mtu.

Baridi ilimpita Olga miguuni, ikaingia ndani.

Kiti cha Gédéon kililia kriii... Gédéon mwenyewe alikuwa amekikalia. Alifumba macho, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo.

"Nimefika," alisema.

"Umefika wapi, nawe hukutoka?" Olga aliuliza, akitaka kucheka.

Asubuhi Gédéon alikuwa anachechemea mguu wa kulia. Hakutania mtu. Yeye, aliyepanda kiti kwa kuogopa mbwa, alishinda barazani kichwa cha mbwa kikiwa mapajani mwake, akimkuna sikio lile lililopasuka. Siku ya tano akaanza kuzungumza naye Kibangubangu, lugha ya watu wa Kabambare. Gédéon! Mzaliwa wa Kasongo, asiyejua lugha ile hata salamu yake! Mbwa alimsikiliza, akampigia mkia.

Olga aliogopa, tena aliona wivu. Miaka thelathini alikuwa na mume yule. Hakuwa na kitu kingine duniani alichokiita chake, ukiacha mtoto wao Serge aliyekwenda zake mbali. Sasa mume alimtazama kama wanavyotazamwa watu wa sokoni.

Hemedi, jirani yao, hakukaribia boma lenye mbwa, kwa sababu ya udhu wake. Alimwita Olga kutoka ng'ambo ya ua, sauti chini.

"Mama Serge. Juzi, saa ya magaribi, niliona wanaume wawili pa baraza yako. Jana pia wawili. Leo niko naona moja tu. Mwingine alienda wapi?"

Olga alikwenda jikoni, akang'oa lile figa, akachimba kwa vidole. Nywele za mkia zilikuwepo, kahawia, kama alivyozifukia. Lakini zilikuwa zimesokotana na nyingine fupi, nyeupe.

Mvi za mtu.

Gédéon hakuwa na mvi hata moja. Olga alivuta. Hazikutoka. Alivuta kwa mikono miwili, na kule barazani mume wake akapiga ukelele wa maumivu.

Aliacha. Alikimbia hadi kwa Marie, kitenge kinamdondoka njiani.

Marie alimsikiliza mpaka mwisho. Akamvuta pembeni.

"Kwetu, muwindaji akifa, imbwa yake tunamupeleka kwa kaburi. Tunamunusisha udongo, tunamuambia: bwana yako amekufa, usimungoje tena. Huyu hatukumuonyesha. Masasi ya bunduki ilikuwa inalia, tulizika mbio-mbio."

"Na sasa?"

"Imbwa haijue kama bwana yake alikufa. Na kama imbwa iko inangoja, muzee naye hajue. Anafuata imbwa yake tu. Kama ungeiacha bila kuifunga, wangezunguka wao wawili mu pori. Lakini wewe uliifunga kwa mafiga yako, dada. Njia yao imeishia kwako."

"Tumupeleke kwa kaburi, leo!"

"Kaburi gani? Tulizika usiku, mu pori, bila alama. Mimi mwenyewe siwezi kupaona."

"Basi nitamuambia mimi. Nitamuambia: muzee, ulikufa."

Marie alimkamata mkono kwa nguvu.

"Usijaribu. Ukimuambia, atakufa palepale. Na atakufia mu mwili ya nani?"

Olga alirudi polepole. Hakuwa na cha kukimbilia tena. Alipofika, jua lilikuwa linashuka, na mume wake alikuwa barazani na mbwa miguuni pake. Alipomwona Olga alisimama kwa adabu, akakunja mikono kifuani, kama mgeni anavyosimama mbele ya mama mwenye nyumba.

"Mama," alisema, kwa ile sauti ya Gédéon aliyoipenda miaka thelathini. "Muko munanitunza vizuri. Mungu awabariki. Lakini toka nifike, sijaona bwana mwenye nyumba. Iko wapi? Ninataka nimushukuru."

Olga alimtafuta mumewe katika uso ule. Alitafuta machoni, akatafuta kwenye mdomo uliozoea mizaha.

"Ametoka," alisema.

"Atarudi lini?"

Mbwa naye aliinua kichwa, akamtazama, akingoja jibu. Olga aliingia ndani kumpakulia mgeni chakula.