Mtu wa Kusimama Kisimani

Asubuhi nyumbani kwa Qabale ilianza na moshi. Aliwasha moto, akakamua ng'ombe, akachemsha chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Mumewe Kalicha alikunywa vikombe viwili. Mtoto wao Dida alikunywa kimoja. Kisha kila mtu alishika kazi yake mpaka jioni, na jioni ndipo chakula kilipopikwa. Wafugaji wengi wa upande wa Merti waliishi hivyo, na Qabale hakuona kosa.

Dida alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa mrefu na mwembamba sana. Shati lilimning'inia kama lililoanikwa kwenye kichaka. Vijana wenzake walimwita Waya. Qabale aliwasikia na hakujali. Kuchunga mbuzi hakuhitaji kifua kipana.

Mwaka huo wa 1983, fahali alimgonga Kalicha begani ndani ya zizi. Mfupa uliunga vibaya. Tangu siku hiyo mkono wake wa kulia haukuweza kuinuka kupita kifua. Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu ya kisima.

Kisima chao kilichimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka. Kilikuwa kirefu. Wanaume walisimama ndani yake kwenye ngazi za miti, mmoja juu ya mwingine, kutoka majini mpaka juu. Ndoo za ngozi zilipita mkono kwa mkono. Ndoo iliyojaa ilipanda, ndoo tupu ikashuka, na ng'ombe wakanywa kwenye hori la udongo. Sheria ilikuwa moja. Kila nyumba yenye ng'ombe ilitoa mwanamume wa kusimama. Nyumba isiyo na mtu haikunyimwa maji, lakini ng'ombe wake walikunywa mwisho. Kiangazi kikikaza, anayekunywa mwisho anakunywa matope. Na mtu wa kuajiri hakupatikana, maana kiangazi kila mtu ana ng'ombe wake wa kuokoa.

Kwa hiyo Dida aliingia kisimani badala ya baba yake.

Qabale alikuwa kwenye hori siku hiyo, akiwazuia ndama. Mwanzoni ndoo zilipanda vizuri. Halafu akaona mikono ya mwanawe inatetemeka. Ndoo iliyofuata ilimfika kifuani na haikwenda juu zaidi. Ilimponyoka. Ilimwangukia Mahamud, aliyesimama chini yake, ikamgonga kichwani. Mahamud aliyumba, akashika mti kwa mkono mmoja. Chini yake kulikuwa na wanaume wengine, na chini yao maji na mawe.

Wakamtoa. Damu ilikuwa ikimtiririka kwenye uso.

"Mimi sisimami tena chini ya huyu," Mahamud alisema polepole. "Nina watoto."

Mzee Halake, msimamizi wa kisima, alimtazama Kalicha. Alisema mawingu yameanza kukusanyika, mvua ikinyesha kisima kitafungwa. "Kikifunguliwa tena, Kalicha, lete mtu. Ukikosa mtu, unajua ng'ombe zako watakunywa lini."

Kalicha aliwakusanya ng'ombe. Walirudi nyumbani wakiwa watatu.

Kesho yake Dida alianza kujitengeneza mwili. Hakumuuliza mtu. Aliinua mawe asubuhi, akainua mawe mchana, akainua tena jioni. Jua likiwa kali alikimbia mpaka Merti na kurudi. Alifanya hivyo kila siku bila kupumzika. Njaa ilipomsumbua, alitafuna miraa iliyoletwa na malori kutoka Isiolo. Aliona miraa inampa nguvu. Kweli, njaa ilitoweka. Usingizi nao ukatoweka.

Mvua ilinyesha, nyasi zikaota, ng'ombe wakanenepa. Dida akakonda. Mifupa ya mabega ilichomoza chini ya shati. Qabale alimwambia apunguze, naye akajibu kwamba mama haelewi mambo ya wanaume. Qabale aliinyamazia jeuri hiyo. Alikuwa akiogopa. Alihesabu miezi iliyobaki kabla ya kiangazi, akaona inakwisha na mtoto naye anakwisha.

Siku moja alikwenda kwenye kibanda cha wana-mbuzi kutafuta kamba. Nyuma ya miba, ndani ya kitambaa, alikuta chupa ndogo na sindano kubwa ya kudungia mifugo. Aliita jina la mwanawe mara moja tu. Dida alikuja, akaona kilicho mkononi mwa mama yake, akasimama.

"Hii ni nini?"

"Dawa, Mama."

"Dawa ya nani?"

"Jama, yule mwenye lori la miraa, alinipa. Anasema fahali akidungwa hii anajaa nyama kabla ya kufika mnada wa Isiolo." Dida alijigusa kifua. "Fahali ana mwili. Hata mimi nina mwili."

"Umeshajidunga?"

Dida aliangalia chini. "Jana niliogopa, nikaacha. Nilitaka kujaribu leo."

Qabale hakupiga kelele. Aliifunga ile chupa kwenye pindo la shuka lake, akafunga fundo juu ya fundo. "Shika njia mbele yangu," alisema. "Tunaenda kwa Sista."

Sista huyo alikuwa Nakiru, muuguzi wa zahanati. Alikuwa Mturkana wa Ngaremara, mwanamke mfupi asiyezunguka na maneno. Nyumba yake haikuwa mbali na ya Qabale, na kuku wake walifukua kila mahali. Walimkuta zahanati; Qabale alimpa salamu, akafungua fundo, akaweka chupa mezani.

Nakiru aliigeuza kwenye mwanga. Karatasi yake ilikuwa imebanduliwa. Aliuliza dawa hii inaitwaje. Dida hakujua. Aliuliza kama Jama anajua. Dida alisema hadhani.

"Basi sikiliza, Dida. Mimi sijui kilicho humu, wewe hujui, na aliyekupa hajui. Kipimo cha fahali kinaweza kumuua mtu. Dawa ya ng'ombe haitengenezi mkono wa binadamu. Umenielewa?"

"Ndiyo, Sista."

Aliichukua chupa akaifungia kabatini. Kisha alimpima. Alimuuliza kama anakohoa, kama anatoka jasho usiku, kama anapata homa au anaharisha. Alisikiliza kifua, akafunua kope za macho, akamsimamisha kwenye mizani. Alieleza kwamba mtu anayekonda anaweza kuwa na kifua kikuu, au minyoo, au ugonjwa mwingine. Mtu kama huyo apimwe kwanza, ndipo aanze mazoezi. Kifua cha Dida kilikuwa safi. Alimpa dawa ya minyoo, dawa ya watu, akamtaka ainywe mbele yake.

"Sasa niambie. Jana ulikula nini?"

Dida alitaja chai ya asubuhi. Alitaja miraa. Akataja ugali wa jioni.

"Ugali kiasi gani?"

"Matonge machache. Baba na wageni waliinuka, na mimi nikainuka."

Qabale aligeuka akamtazama. Kwao wanaume walikula kwenye sinia moja. Wazee wakinawa mikono, kijana hawezi kubaki akitafuna. Kalicha alikula haraka kama mtu anayefukuzwa. Dida tangu utoto alikula polepole. Kila jioni Qabale aliona sinia linarudi na chakula, akadhani mtoto ameshiba. Kumbe alikuwa akiinuka na njaa, miaka yote hiyo, machoni pake.

Nakiru hakumlaumu mtu. Alieleza kwa maneno mafupi. Mazoezi ni fundi, alisema, na chakula ni matofali. Fundi asiyepewa matofali atabomoa ukuta wa zamani apate ya kujengea. Ndiyo sababu Dida alikonda. Mtu mwembamba anayetaka misuli lazima ale zaidi ya anavyotumia, tena mara nyingi kwa siku, si jioni peke yake. Kila mlo uwe na chakula cha kujenga mwili: maziwa, maharagwe, nyama, mayai. Na uwe na chakula cha kutia nguvu: ugali, wali, mahindi, samli kidogo.

Dida alikunja uso aliposikia mayai. Alisema mayai ni chakula cha ndege.

"Basi utakula kama ndege," Qabale alisema.

Nakiru alisema kuku wake watatoa hayo mayai, kisha akaendelea. Msuli haukui wakati unainua jiwe. Unakua baadaye, umelala. Kwa hiyo Dida ainue siku moja na kupumzika siku inayofuata. Aache kukimbia juani, maana kukimbia hivyo kunamaliza chakula kidogo anachopata. Alale usiku mzima. Miraa aiache kabisa, kwa sababu inamnyang'anya njaa na usingizi, na hivyo viwili ndivyo anavyovihitaji.

"Itachukua muda gani?" Dida aliuliza.

"Miezi. Ukitaka wiki, rudi kwa Jama."

Kazi ngumu ilikuwa nyumbani. Jioni hiyo Qabale alimpakulia Dida sahani yake peke yake. Kalicha aliiangalia ile sahani. Alisema mtoto wake si mgeni na si mgonjwa, na mtoto anayejitenga na sinia la baba yake amemtenga baba yake. Aliambiwa habari za mayai ya Nakiru, akacheka bila furaha. "Kwa hiyo ng'ombe zangu wataokolewa na kuku."

Kwa kawaida Qabale angenyamaza. Safari hii aliingia ndani, akaleta ile sindano kubwa, akaiweka chini mbele ya mumewe.

"Hii ndiyo mtoto wako alitaka kujidunga, kwa sababu ya bega lako na ng'ombe zako," alisema. "Na anaondoka kwenye sinia lako na njaa. Anainuka kwa sababu wewe umeinuka."

Kalicha aliishika ile sindano kwa mkono mzima. Aliigeuzageuza. Kisha akatoka nje.

Kesho yake jioni sinia liliwekwa. Kalicha alikula haraka kama kawaida, akashiba. Dida alimwona, akaanza kurudisha mkono wake. Lakini Kalicha hakunawa. Aliuacha mkono wake pembeni ya sinia, akaanza hadithi ndefu ya ng'ombe aliyepotea zamani. Dida akaendelea kula. Baba aliposikia sinia linakwanguliwa, alimaliza hadithi yake ghafla, akaomba maji ya kunawa. Ile sahani ya peke yake haikutolewa tena.

Baada ya hapo Kalicha aliuza beberu, akarudi na gunia la mahindi na maharagwe. Asubuhi chai ilikuja na ugali uliobaki na samli. Mchana Dida alibeba malishoni maziwa na mahindi yaliyochemshwa na maharagwe. Mayai aliyala amefumba macho, mpaka siku moja akasahau kuyafumba.

Mazoezi nayo yalibadilika. Baba alimtafutia debe, wakalitia mchanga kidogo. Dida aliliinua kutoka chini mpaka kifuani, kisha juu ya kichwa, mgongo umenyooka, magoti yakifanya kazi, kama vile ndoo inavyopanda. Alichuchumaa akiwa na mfuko wa mchanga mabegani. Aliweka viganja chini, akajisukuma juu mpaka mikono ikagoma. Debe likiwa jepesi waliongeza mchanga. Siku ya pili alipumzika, na Qabale alihakikisha anapumzika kweli.

Mwezi wa kwanza wa mazoezi haya haukuonyesha kitu. Jama alipita na lori lake, akatoa kichwa dirishani, akauliza kama Waya bado anakula mayai ya kuku wa Sista. Vijana walicheka. Siku hiyo Dida alitaka kuacha. Qabale alimkumbusha kwamba ng'ombe hawanyweshwi kwa kicheko cha Jama, akamwekea chakula mbele yake. Akala.

Mwezi uliofuata shati lilianza kumbana mabegani. Mizani ya Nakiru nayo ilipanda, polepole, lakini haikushuka.

Mvua ilikatika mapema. Mwezi wa Februari nyasi zilikuwa majivu, na ng'ombe walikuwa wakilia kiu. Kisima kikafunguliwa. Qabale aliiacha chai yake ipoe asubuhi hiyo. Dida alikula ugali wake wote.

Kisimani wanaume walivua mashati. Dida alipovua lake, watu wawili watatu walitazamana. Hakuwa mnene. Alikuwa bado mwembamba, lakini mikono ilikuwa imekaza kama kamba, na kifua kilikuwa kimejaa. Mzee Halake alimpa ngazi ileile ya zamani. Kisha akauliza nani atasimama chini yake.

Hakuna aliyesogea. Qabale alishika ukingo wa hori. Kalicha alikuwa akitazama mchanga.

Mahamud aligusa kovu lake. Alimtazama Dida kuanzia miguu mpaka shingo, kama mtu anayekagua ngamia. Kisha akashuka kisimani, akasimama chini yake.

Ndoo ya kwanza ilipanda. Ilimfika Dida kifuani. Ikapita kifua. Ikapita kichwa. Ikaenda. Iliyofuata ikaenda. Ng'ombe wa nyumba ya kwanza walikunywa, wa nyumba ya pili wakanywa, na jua likapanda. Mikono ya Dida ilianza kutetemeka, na Qabale aliona. Lakini alipanua miguu kwenye mti, akatumia magoti kama walivyofanya na debe, na ndoo hazikusimama. Baadaye sauti ya Mahamud ilitoka chini.

"Waya, punguza mwendo. Sisi wengine tuna mikono ya kawaida."

Kisima kizima kilicheka. Halake alinyoosha fimbo yake, akaita ng'ombe wa Kalicha. Maji kwenye hori yalikuwa bado safi.

Jioni Mahamud alikuja nao nyumbani. Walikula wanaume watatu kwenye sinia moja. Mahamud alishiba, akashukuru Mungu, akaanza kuinuka anawe.

Kalicha aliuacha mkono wake pembeni ya sinia.

"Kaa chini, Mahamud," alisema. "Kwangu hatuinuki mpaka kijana ashibe."