Kichupa Kilichoganda

Kila mtu katika maabara ile aliijua amri iliyobandikwa mlangoni: kabla hujatoka na kichupa, kipindue. Kikiwa kimeganda, kimekufa, na aliyekigandisha atarudisha ufunguo wake siku hiyo hiyo. Hakuna msamaha.

Saa nne kasoro dakika kumi na tano asubuhi, simu ya jasusi ilitetemeka.

"Kichupa kisivuke mpaka," mkuu wake alisema. "Ikibidi, kife."

"Na dada yangu?"

Simu ilikatika.

Alikuwa amepiga magoti katika chumba cha mitambo, amevaa ovaroli ya fundi wa majokofu, bastola ya Beretta ikimchoma ubavuni. Nyuma ya ukuta, ndani ya chumba baridi, mtunza ghala alikuwa amejifungia na mwanasayansi mkuu, bastola mkononi.

Mwanasayansi huyo alikuwa dada yake, tumbo moja.

Kwa miaka tisa dada alikuwa akisanifu protini zinazojipanga zenyewe, ubavu kwa ubavu, hata zikawa vizimba visivyoonekana kwa macho, vya kufikishia dawa ndani ya seli. Wanunuzi wa ng'ambo walitaka kuvipakia sumu, na mtunza ghala alikuwa ameahidi kuwapelekea. Kichupa cha pekee chenye vizimba hivyo, ambavyo vikiganda huvunjika, kilikuwa mle chumba baridi, ndani ya jokofu ambalo kufuli yake ingefunguka yenyewe saa nne kamili.

Redio ya Motorola kiunoni mwake ilinong'ona. Dada alikuwa ameiacha yake wazi makusudi ndani ya koti.

"Unatetemeka, Daktari?" mtunza ghala alicheka. "Miaka yote humu, baridi umeisikia leo?"

"Heri kigande kuliko uondoke nacho! Unasikia? Heri kigande!"

"Kigande wapi, mama? Kipimo hicho hapo, nyuzi nne."

Jasusi alielewa. Ndiye aliyekuwa akiambiwa.

Mtunza ghala akigundua, atafyatua. Hata hivyo alizibana nyaya za kipimo cha mle ndani kisisogee penye nne, kisha akaufungua mtambo wa baridi hadi mwisho.

Dakika kumi na mbili. Alizihesabu kwa mapigo ya moyo wake.

Kufuli ililia.

Alisimama kando ya mlango wa chumba baridi, mgongo ukutani. Mlango ukafunguka. Dada alitangulia, mdomo wa bastola kisogoni. Mtunza ghala alifuata na, kwa mazoea ya miaka mingi, alikipindua kichupa.

Hakikusogea kitu.

Akakikodolea macho.

Sekunde moja.

Beretta ilinguruma. Risasi ilimpata mtunza ghala begani. Bastola yake na kichupa vikaanguka sakafuni.

"Kimekufa," alilia, hata jeraha hakulishika.

Dada aliinama, akakiokota kichupa, akakitazama kama mtu atazamavyo uso wa marehemu. Kisha akautoa ufunguo wake wa maabara shingoni.

"Nimegandisha mimi, dada," jasusi alisema.

"Wewe huna ufunguo, mdogo wangu. Na aliyeamuru ni mimi."

Aliutundika msumarini, chini ya ile amri aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Jasusi aliilaza Beretta miongoni mwa spana, akafunga kisanduku, akaondoka kwa hatua za fundi aliyemaliza zamu.