Kompyuta ya Ghorofa ya Tatu

"Zima hiyo pampu, Bokul! Ukiiwasha tu, maji ya jengo zima yanakwenda kwako. Sisi wa juu tuoge mate?"

"Ogeni, nani kawakataza? Maji yanaanza chini kabla hayajapanda juu. Kama wayataka ya kwanza, hamia kwangu, mzee Motaleb, nikutandikie mkeka ubavuni mwa pampu!"

Ngazi nzima ikacheka. Mzee Motaleb alikuwa amesimama katikati ya ngazi na lungi yake ya miraba, shuka la kiunoni, mswaki mkononi, povu la dawa ya meno kidevuni. Bi Bokul wa chini kabisa alikuwa ameziba mlango wake kwa mwili wake mnene, pindo la sari amelichomeka kiunoni kama mtu anayesubiri kengele ya mieleka. Siku za maji, jengo letu la Mirpur halikuhitaji televisheni. Watu walitoka na vikombe vya chai, wakachagua vidato vya kukaa, wakatazama.

Katikati ya umati huo alikwama kijana mmoja, boksi begani, nywele zimelainishwa kwa mafuta, mikono ya shati imekunjwa hadi juu ya viwiko. Huyo ni Piyal, muuzaji wa duka la kompyuta la Elephant Road. Alikuwa akimpelekea mteja mzigo ghorofa ya nne, na watu hawakuwa na haraka ya kumpisha.

Mara sauti ikatoka juu. "Baba! Kompyuta imekufa! Imezimika yenyewe, haiwaki!"

Jhumur, binti wa mzee Motaleb, alishuka mbio peku kutoka ghorofa ya tatu. Shalwar kamizi, suruali na kanzu yake, ya rangi ya haradali, mtandio ukimwanguka bega moja, penseli imechomekwa kwenye kishungi cha nywele. Nusura amgonge Piyal.

"Wewe! Boksi hilo ni la kompyuta?"

"La kompyuta."

"Unauza au unatengeneza?"

"Nauza, natengeneza, na kwa mrembo napanda mpaka mlangoni."

"Basi ujitengeneze ulimi kwanza, maana umelegea. Twende."

Mtaa mzima ulijua kwa nini alihaha vile. Jhumur alifanya kazi za kusafisha picha za maduka ya ng'ambo: viatu, mikoba, vikuku. Anakata kitu kutoka kwenye picha, anakiweka juu ya weupe mtupu, anatuma. Na baba yake alikuwa amempa neno mbele ya jamaa: maadamu mashine inawaka na kazi inakwenda, hakuna atakayemlazimisha kuolewa. Siku itakapokwama, washenga watafunguliwa mlango. Na washenga walikuwepo. Mama wa kijana mmoja mwenye karakana ya mbao kule Gazipur alishatuma picha ya mwanawe, kijana amesimama kando ya gogo, na katika picha ile gogo ndilo lililokuwa likitabasamu.

Piyal akapiga magoti mbele ya mashine. Akabonyeza kitufe. Kimya. Hakuna taa, hakuna feni. Akabadilisha waya. Kimya. Akahamisha plagi tundu la pili. Kimya. Akafungua ubavu, akachomoa vipande vya kumbukumbu, akavisugua kwa kifutio cha shule, akavirudisha. Bado.

"Nusa hapa," alisema.

Jhumur akainama. Pua zao zikakaribiana kupita ilivyohitajika na kazi.

"Panaungua kitu."

"Pawasaplai. Hiki kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Kimekufa. Kesho nakuletea kingine." Akaegemea chuma cha mashine ili ainuke, akaruka. "Aa! Imenichuna, ina shoti!"

"Kila kitu humu kinachuna," alisema Jhumur. "Friji, bomba la bafuni. Tumeshazoea."

Piyal akacheka.

Hapo ndipo alipokosea, na si yeye peke yake. Watu wa kompyuta hujua kilichomo ndani ya boksi. Ukuta wanamwachia mwingine. Sisi nasi tuliishi katika jengo linalouma watu vidole, tukaona ni tabia yake, kama mtu anavyozoea mbwa wa jirani.

Kesho yake mashine iliwaka. Jioni simu ya Jhumur ikalia.

"Nilitaka kujua mgonjwa anaendeleaje."

"Mgonjwa anakula na kufanya kazi. Daktari vipi?"

"Daktari hajala."

"Mimi nimekula. Wali na bhorta, viazi vya kuponda."

"Bila mimi?"

"Wewe nani? Kachumbari?"

Walicheka mpaka mzee Motaleb akakohoa chumba cha pili. Basi ikawa hivyo kila jioni. Piyal alimwita "injinia wangu". Jhumur alimwita "fundi maneno". Siku Piyal alipompelekea maua ya beli, aina ya asumini, ameyaficha ndani ya boksi la kipanya, sisi wa ngazini tulijua kabla hajafika ghorofa ya pili, maana harufu ilimtangulia.

Lakini mashine ilikufa tena. Piyal akaja, akabadilisha kisanduku, akapewa chai. Ikakaa siku chache, ikafa mara ya tatu, safari hii kwa mlio kama wa kidole kinachovunjwa, na mazabodi yenyewe, ubao mkuu wa ndani, ikaungua, ikabaki na doa jeusi lenye umbo la sikio. Jioni hiyohiyo balbu ya ngazini ikapasuka juu ya vichwa vya watu. Pangaboi za ghorofa ya tatu zikaanza tabia ya kuzunguka kwa fujo bila kuguswa, halafu zinatulia. Watu wakapunguza kukaa ngazini. Wengine walisema ni jini. Bi Bokul akasema ni kijicho. Akapanda na pilipili kavu, akazizungusha juu ya kompyuta akinong'ona, akazichoma jikoni. Tukakohoa jengo zima. Mashine haikuwaka.

Ila Bi Bokul hakupanda na pilipili tu. Alipanda na habari.

"Mwanangu, nakupenda, ndiyo maana nasema. Kijana wako kasema nini pale kibanda cha chai cha mtaani kwetu? Kasema, 'Ile kompyuta nitaitengeneza mpaka mwenyewe aje akae nayo kwangu.' Watu walicheka mpaka wakamwaga chai. Sasa wewe jiulize, mashine inaharibika yenyewe, au inaharibiwa?"

Mzee Motaleb alikuwa nyuma ya pazia. Akatoka, uso umemjaa. "Nilijua! Anatutilia vyombo vibovu ili apate njia ya kurudi. Mwizi wa mlangoni!"

Jhumur akapiga simu hapohapo, sauti imekauka. "Umesema maneno hayo, hukusema?"

"Maneno gani, injinia wangu?"

"Ya kibanda cha chai."

"Nilisema. Ilikuwa utani, Jhumur. Wallahi, vile vyombo ni vizima, vipya kabisa."

"Unajua mimi nimeweka nini kwenye mashine ile? Unajua baba aliniahidi nini, na sasa anafanya nini? Wewe umenitania na maisha yangu."

"Nisikilize..."

"Usinipigie tena."

Wateja wa ng'ambo hawakusubiri. Mzee Motaleb akatuma salamu Gazipur, na ikapangwa kwamba Ijumaa, baada ya sala, mama wa kijana atakuja kumwona binti.

Ijumaa hiyo ya Srabon, mwezi wa masika, mvua ilianza alfajiri na haikuvuta pumzi. Uchochoro ukawa mto wa rangi ya chai. Maji yaliingia chini ya ngazi, mahali lilipokuwa sanduku la mbao la mita na waya za jengo zima, yakafika vifundoni. Wageni walikuwa wamekwama njiani. Jhumur alikaa mbele ya kompyuta iliyokufa, amevikwa sari ya buluu ya marehemu mama yake, vikuku hadi katikati ya mkono, uso umepakwa poda na macho hayataki. Mchana ulikuwa mweusi hivi kwamba taa ziliwashwa.

Chini, pampu ya Bi Bokul ikaanza kunguruma.

Balbu iliyo juu ya Jhumur ikavimba mwanga. Kutoka njano ikawa nyeupe, nyeupe ya kuumiza. Pangaboi ikaongeza kasi, ikaanza kutikisa dari. Pampu ikanyamaza. Balbu ikarudi njano. Pangaboi ikapunguza.

Jhumur akasimama taratibu.

Akashuka na simu mkononi, vikuku vikilia kila kidato. "Khala, mama yangu mdogo, washa pampu."

"Leo unaniomba niwashe? Baba yako anajua?"

"Washa, khala, tafadhali."

Bi Bokul akawasha. Taa za kwake, pale chini, zikafifia hadi zikawa nyekundu kama makaa. Na juu, kupitia mlango uliobaki wazi, weupe ukamwagika ngazini. Bi Bokul akatazama chini kwake, akatazama juu, mkono ukaenda mdomoni.

Jhumur akapiga ile namba aliyoikataza isimpigie tena.

"Piyal, usiseme neno. Nisikilize. Pampu ya chini ikiwaka, taa za chini zinakufa na za kwetu zinazidi. Ikizimwa, zinarudi. Kwa nini?"

Piyal alianza kujibu, akajikatiza. Alipoendelea, sauti yake haikuwa na utani hata chembe. "Waya wa kurudisha umeme. Nyutro. Umeachia, jengo zima. Umeme hauna pa kurudi, unamkimbia anayeuvuta na kumvamia ambaye havuti. Jhumur, nilikuwa nabadilisha vyombo na tatizo liko ukutani. Sikuangalia. Sanduku la mita liko wapi?"

"Chini ya ngazi. Kuna maji."

"Asiliguse mtu. Nakuja, niko hapo kibanda cha chai, napiga simu kwa watu wa umeme wakate kwenye nguzo. Mtu yeyote asiliguse!"

Jhumur akageuka. Baba yake alikuwa ameshashuka. Alisikia kelele, akaelewa nusu, na nusu hiyo ilimtosha. Lungi ameipandisha magotini, peku ndani ya maji, bisibisi mkononi, anafungua komeo la sanduku. Kutoka ndani kulisikika mlio mdogo, kama wa kitu kinachokaangwa.

"Baba, ondoka! Piyal anasema usiguse!"

"Piyal? Mwizi ndiye anayenifundisha mimi nyumba yangu? Nikaze waya mmoja, wageni wakute taa."

"Baba!"

"Niache!"

Jhumur hakumshika. Aliogopa kumsukuma. Alisimama kidato cha mwisho, ncha ya sari inagusa maji, akasema kwa sauti ya chini tuliyoisikia sote:

"Nakupa neno langu. Sitamwona Piyal tena. Mama wa Gazipur akifika, namwambia ndiyo, bila machozi. Kompyuta sitaidai, ahadi yako nakurudishia. Ila toka hapo, baba. Toka nikiwa bado nina baba."

Mzee Motaleb akageuza shingo. Alimtazama bintiye ndani ya sari ile ya mkewe. Bisibisi ikashuka taratibu. Akapiga hatua moja, ya pili, akashika reli ya ngazi.

Sanduku likapasuka. Ulimi wa buluu ulitoka ukalamba ukuta, mlango wa mbao ukaruka mpaka kwenye pampu, moshi mweusi ukajaa. Mtu akanyanyua ndoo ya maji.

"Siyo maji!" Piyal alikuwa ameingia, amelowa kiunoni hadi miguuni, kiatu kimoja kimebaki uchochoroni. Akaipiga ndoo teke. "Mchanga! Mchanga ule wa ujenzi, pale barazani!"

Bi Bokul ndiye aliyeleta wa kwanza, ameubeba ndani ya pindo la sari yake. Tukatupa mchanga kwa karai, kwa sufuria, kwa mikono, mpaka watu wa umeme wakakata waya kwenye nguzo na jengo likafa ganzi, ghorofa zote. Walipofungua kilichobaki, nyutro ilikuwa imeliwa na kutu ya kijani, imebaki unyuzi mmoja uliotuweka hai masika yote. Fundi mmoja akapima kwa macho pale alipokuwa amesimama mzee Motaleb, akatikisa kichwa.

Mama wa Gazipur alifika kichwa cha uchochoro, akaona moshi, akageuza riksho. Simu yake haikupatikana tena.

Umeme usingerudi upesi, na majokofu yakaanza kutokwa jasho. Kila jiko likawashwa kwa gesi: nyama, kuku, samaki, vyote kabla havijaoza. Harufu ya haradali na vitunguu ikapambana na harufu ya kuungua, na haikuishinda. Watu walicheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida, halafu ghafla wanatazama ukuta.

Piyal alisimama nje ya mlango wa ghorofa ya tatu, kiatu chake kimoja mkononi. Jhumur alikuwa ndani, mshumaa nyuma yake.

"Ule utani," alisema Piyal. "Sina la kujitetea."

"Huna."

"Na nilicheka siku ile uliponiambia vitu vinachuna. Ningesikiliza..."

"Ungesikiliza. Hata mimi." Akafuta poda shavuni kwa kiganja. "Nenda, Piyal. Nimetoa ahadi kwamba sitakuona."

"Sasa unafanya nini?"

"Giza hili. Nitaona nini?"

Nyuma yake kiti kikaburutwa sakafuni. Mzee Motaleb alikuja polepole, mikono ameikunja kwapani. Akamtazama kijana yule, tope mpaka mapajani, kwa muda mrefu hivi kwamba Bi Bokul, aliyekuwa akipanda na bakuli lake, alisimama kidato cha katikati asije akakosa neno.

"Jhumur," alisema mzee. "Umesema mengi pale chini. Mimi sikusema nimekubali hata moja."

Akageukia jikoni, kisha akarudi nusu, kama mtu aliyesahau kitu.

"Na wewe, usinisimamie mlangoni kama mdai. Samaki wetu wa hilsa wameyeyuka wote, wali umeshapakuliwa. Nawa miguu, uingie ule."