Nyota Katika Jina la Nyanya

Kila Jumamosi asubuhi Kageha aliteka maji, akafagia ua, kisha akaketi na nyanya yake, Milcah Mulama, kuchambua mboga. Jumamosi hiyo mboga zilibaki ungoni. Mguu wa nyanya, uliokatwa na jembe siku tatu nyuma, ulikuwa umevimba na kuwaka moto. Wakaenda kituo cha afya kilicho njia ya Bukura.

Muuguzi Cherotich alisema nyanya anahitaji sindano mara moja. Hata hivyo, nyanya alikumbuka kwamba mwaka uliopita alipewa dawa hapo hapo, nusura ashindwe kupumua. Jina la dawa hakulijua. Lilikuwa kwenye kompyuta.

Karani, Bwana Shitanda, aliandika "Mulama". Hakuna. Akarudia polepole, herufi kwa herufi. Hakuna. Akasema basi faili imepotea. Nyanya alikuwa ameanza kutetemeka kwa homa.

Kageha akasogea mezani kwa karani. Yeye ndiye aliyemjazia nyanya fomu mwaka uliopita, mbio mbio, akitaka kuwahi mchezo. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Samahani, baba, nilikosea jina mimi," alisema. "Sikumbuki niliweka herufi gani katikati. Lakini shuleni tulifundishwa kutafuta kwa nyota."

Bwana Shitanda akauliza ni nyota gani hiyo. Kageha akamwonyesha alama ndogo iliyo juu ya nane kwenye kibodi.

"Andika unachokijua. Usipojua, weka nyota. Inashika nafasi ya herufi yoyote, moja au nyingi."

Karani akaandika "Mu*ama". Yakajitokeza majina matatu: Mukhama, Murama, Musama. Kageha akamwomba asiharakishe, kwanza alinganishe kijiji na mwaka wa kuzaliwa. Murama ndiye aliyekuwa nyanya! Ndani ya faili dawa ile ilikuwa imetajwa, nayo ndiyo muuguzi aliyokusudia kumdunga. Muuguzi akachagua nyingine, akamdunga nyanya.

Kufikia adhuhuri homa ilikuwa imeanza kushuka, na Bwana Shitanda, akitabasamu peke yake, alikuwa amepata kwa nyota hiyo faili nyingine nne alizodhani zimepotea. Jina la nyanya alilisahihisha Kageha mwenyewe, taratibu.

Muuguzi Cherotich akamshika bega. "Nyota imetusaidia sana," alisema. "Lakini ungeficha kosa lako, tungeendelea kuandika jina lile lile mpaka jioni. Umesema kweli ilipokuwa ngumu kuisema, na nyanya yako anarudi nyumbani."

Nyanya alikuwa amekwisha simama, akitafuta viatu vyake.