Wilondja Anaomba Faili Lake

Jumamosi ile Chibalonza alikuwa akipika sombe, majani ya muhogo. Nyumba yao ya St Marys, Australia, ilinukia yote. Mume wake, Wilondja, alikuwa ametoka kazini kwenye ghala. Simu ilikuwa mkononi, chai inapoa mezani.

"Mama amesemaje?" Chibalonza akauliza.

"Yale yale. Nitakwenda kwetu Baraka kumwona, au nangoja kwenda kumzika?"

Kusafiri kunataka pasipoti. Pasipoti inataka uraia. Chibalonza na watoto walikwisha kula kiapo cha uraia zamani. Wilondja hakuomba. Aliogopa.

Zamani, kwenye kambi ya wakimbizi, alihojiwa kabla ya kuletwa Australia. Alieleza jinsi waasi walivyomkamata na kumbebesha risasi. Je, waliandika kwamba alilazimishwa? Au waliandika kwamba yeye ni muasi? Jambo hilo lilimnyima usingizi, maana anayeomba uraia huchunguzwa kwanza na watu wa usalama.

Kwao Kongo, mtu haendi kwa watu wa usalama kwa jina lake. Anatuma mtu wa heshima. Basi Wilondja alimtuma Bisimwa, shemasi wa kanisa lao. Bisimwa akaliandikia shirika la ujasusi la Australia, kwa jina lake mwenyewe, akiomba faili la Wilondja. Alijibiwa kwamba haiwezekani.

"Wanaficha kitu," Wilondja alisema.

Waceke, jirani yao Mkenya, alikuwa amekuja kurudisha sufuria. Anafanya kazi Parramatta, kwenye ofisi ya msaada wa sheria.

"Baba Ornella," akasema, "shemasi akija kazini kwangu kuuliza mambo yako, nimpe?"

"Usimpe."

"Basi nao hawampi."

Chibalonza akacheka. "Mwambie, mama. Mimi nimechoka."

"Na hata ungeomba mwenyewe, wasingekupa," Waceke akaendelea. "Sheria ya kuomba habari haiwagusi watu wa ujasusi. Ni hivyo kwa kila mtu. Karatasi zao zikipita miaka ishirini, unaweza kuziomba kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Za juzi juzi, hapana."

"Sasa si nimekwama?"

"Kambini ulihojiwa na nani?"

"Watu wa viza."

"Basi uliyosema yako idara ya uhamiaji. Hao sheria inawagusa. Kuomba faili lako ni haki yako, tena ni bure."

"Nikiomba, hawataanza kunichunguza?"

"Watu wanaomba kila siku. Mimi niliomba langu. Nikakuta picha yangu ya viza, nimekonda kama fito."

Wilondja akatabasamu.

Baada ya kula, binti yao Ornella alifungua kompyuta. Waceke akaeleza taratibu. Andika jina lako kama lilivyo kwenye viza. Weka nakala ya kitambulisho. Sema wazi unachotaka: mahojiano ya kambini. Ukiomba kila kitu, utangoja sana. Na mtu mwingine akikuombea, lazima uweke sahihi ya kumruhusu.

Kidole cha Wilondja kilibaki hewani.

"Bonyeza, Baba Ornella," Chibalonza akasema. "Au nimwite shemasi?"

Akabonyeza.

Sheria inawapa siku thelathini, na muda unaweza kuongezwa. Uliongezwa. Mwishowe faili lilikuja kwa barua pepe. Mistari mingine ilikuwa imezibwa kwa wino mweusi. Wilondja akashtuka, akamwita Waceke.

"Mara nyingi ni majina ya watu wengine," Waceke akasema. "Barua inataja sababu. Usiporidhika, omba waangalie upya. Na ukiona watu wa ujasusi wamekutendea vibaya, yuko Mkaguzi wao anayepokea malalamiko."

Ornella akasoma, akitafsiri polepole. "Walimchukua shambani kwa nguvu. Alikataa, wakampiga. Alitoroka, akatembea mpaka ziwani." Akainua macho. "Dad, walikupiga?"

"Walinipiga." Wilondja akasogea karibu na kompyuta. "Soma tena pale pa kwanza."

Akasoma tena.

"Ndivyo nilivyosema," Wilondja akasema. "Ndivyo kabisa."

Watu wa ujasusi wana nini juu yake, hakujua. Lakini maneno yake mwenyewe alikuwa ameyaona, na yalikuwa ya kweli. Wiki ile ile akaomba uraia.

Alikula kiapo, na siku alipopata pasipoti, alimpigia mama yake.

"Mama, nakuja."

"Nani amekuombea njia? Yule shemasi uliyenitajia?"

"Hapana, mama. Nimeomba mwenyewe, kwa jina langu."