Dirisha la Mama Apollinarie

Kila asubuhi Doriane alimkalisha mama mkwe wake, Mama Apollinarie, karibu na dirisha. Miguu ya mama ilikuwa imeishiwa nguvu. Kupitia kioo aliwaona watu wakienda sokoni Misiera kuuza ndizi.

Dirisha lilinunuliwa mjini Mbarara, likiwa kuukuu. Doriane alilifunga mwenyewe. Kwanza aliuvika ukuta wa matofali koti nene la udongo na majani makavu, upande wa nje, ili baridi isiingie.

Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yaliingia. Blanketi likalowa.

"Leo sihitaji kuoga," mama alisema.

Kisha akaanza kukohoa. Doriane akaleta matofali azibe tundu la dirisha.

"Mama, bora giza kuliko kikohozi."

Mama aligeuza uso.

Jirani yao, Mzee Léopold, fundi kutoka Kongo, alimkuta Doriane akikanyaga udongo wa kuzibia.

"Ngoja, binti. Lete maji kwanza."

Alimwaga maji juu ya dirisha. Ndani, yakachuruzika chini ya fremu.

"Misumari ulipiga fasi gani?"

"Kwenye udongo wa nje."

"Ile ni koti tu. Haiwezi kubeba dirisha. Ona, dirisha imeshuka, juu kuna ufa. Na chini uliziba na simenti. Maji yenye iliingia itatokea wapi?"

"Nilidhani kuziba kote ndiyo usalama."

"Batu mingi banawaza vile."

Walilitoa dirisha. Léopold alifunga fremu mpya ya mbao kwenye matofali yenyewe, ikatokeza hadi mwisho wa koti. Kizingiti cha chini alikiinamisha nje kidogo.

"Ukiezeka bati, unaanzia wapi?" aliuliza, akikata vipande vya plastiki vya kuzunguka dirisha.

"Chini. Bati la juu linalalia la chini."

"Basi ni vile vile."

Doriane alitandika plastiki ya chini. Wakapachika dirisha na kulipigilia kwenye fremu. Kisha wakaweka plastiki pande mbili, mwisho juu. Ukingo wa plastiki ya juu waliuingiza nyuma ya koti, maji yasipate kupenya. Chini, upande wa nje, hawakuziba.

"Hapo ni mlango ya maji," Léopold alisema.

Mvua ilirudi mchana mmoja, nzito. Kikohozi kilikuwa kimetulia, na mama alikuwa amesinzia kwenye kiti, kipaji cha uso kikigusa kioo. Doriane alipapasa ukuta chini ya dirisha. Mkavu. Akaketi pale pale chini, akaingiza miguu yake ndani ya blanketi la mama.