Majani ya Julai

Bi Oktavia alikutwa kifudifudi jikoni kwake Kitandililo, paji la uso limegonga figa. Ilikuwa saa mbili asubuhi, mwezi wa saba, na baridi ya Makambako ilikuwa inakata masikio. Inspekta Salha, mzaliwa wa Tanga ambaye miaka sita ya huku haijamzoesha baridi hiyo, aliinama kutazama jeraha. Damu ilikuwa kidogo. Hapakuwa na dalili ya purukushani wala kitu kilichovunjika.

Mume wa marehemu, Mzee Yosefu, alikaa kwenye kigoda ndani ya koti lake zito. Masikio yake hayasikii vizuri, kwa hiyo ilibidi mahojiano yafanyike kwa sauti ya mnadani.

"Alikuwa anaumwa?"

"Presha. Vidonge vya hospitali, na chai ya majani ya mzeituni. Majani tunanunua kwa Badru, mjini. Mkamateni huyo, afande. Majani yake ndiyo yamemuua mke wangu."

Salha hakulipenda jibu hilo. Mfiwa wa saa moja, na tayari ana mtuhumiwa mkononi.

Mezani palikuwa na mashine ya kupimia presha, zawadi ya Fidelia, binti yao wa pekee. Salha alibonyeza kitufe cha kumbukumbu. Wiki tatu zilizopita ilisoma mia moja sitini na nane. Asubuhi ile, themanini na nne. Daktari aliyeuchunguza mwili mchana alisema hakuna mkono wa mtu katika jeraha lile: presha ilishuka mno, mama akapata kizunguzungu, akaanguka. Lakini vidonge peke yake, kwa dozi ile, visingemshusha hivyo. Kuna kitu kilichoongezwa.

Badru aliletwa kituoni. Aliapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba miaka minane anauza majani ya miti ya kupandikizwa kutoka bustani moja upande wa Uwemba, na lawama pekee anayoipata ni kwamba hayafanyi kitu. Hata hivyo watu walishajaa mbele ya duka lake na mawe mkononi. Salha alimweka mahabusu, nusu kwa sheria, nusu kumwokoa. Kama ukweli usingepatikana upesi, mtu huyu asingekuwa na duka la kurudia.

Koplo Filbert, mwenyeji wa Uwemba, ndiye aliyeona jambo ambalo mgeni asingeliona.

"Afande, sufuria ya chai na chupa vimeoshwa. Majirani walipoitika yowe walimkuta mzee anasugua."

"Labda ni msafi."

"Mwanaume wa umri ule, wa huku kwetu? Mke kalala chini, yeye anaosha sufuria?"

Walirudi nyumbani kwa marehemu, wakafukua jalala nyuma ya jiko. Chini ya majivu mlikuwa na machicha ya majani, mengi kuliko ya mgonjwa mmoja. Salha aligeuza jani moja kwa kibano. Majani ya Badru yalikuwa meupe upande wa chini. Haya yalikuwa membamba, na chini yana rangi ya kahawia.

Kesho yake asubuhi aliyaweka yote mawili mbele ya mzee, kituoni.

"Hili si la Badru."

Mzee aliliinamia lile jani la kahawia.

"Ulichuma wapi?"

"Msituni. Mzeituni mwitu."

"Ukaficha machicha, ukaosha sufuria, ukamtupia mzigo mtu asiye na kosa."

"Nimemuua mimi. Andika hivyo, afande, tumalize."

"Kwa nini umuue?"

Miaka thelathini na minane ya ndoa, na mzee hakuweza kubuni hata ugomvi mmoja. Salha alimwomba atoe vilivyomo mfukoni. Kulikuwa na bahasha ya vidonge, imeandikwa 1x2 kama hospitali zote zinavyoandika: kimoja, mara mbili kwa siku. Na kulikuwa na kipande cha daftari, mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma: *Kupandikizwa, masika: x1. Mwitu, Julai: x3.*

"Dozi hii kaandika nani?"

Hapo mzee alilia, na kilio chake kilimuuma Salha kuliko maiti aliyoiona jikoni.

"Fidelia. Alitaka mama yake apone, akakosea. Nilimpa vikombe vitatu kwa siku kama alivyoandika. Nikifungwa mimi si kitu, afande. Akijua ameandika dozi iliyomuua mama yake, nitakuwa nimezika wawili."

Mficha maradhi kilio humuumbua, wahenga walisema. Hawakusema lolote kuhusu anayeficha kosa la mwanawe.

Fidelia alikuwa ameshafika kutoka Njombe, amekaa kwenye benchi la nje. Kazi yake iko katika maabara ya utafiti: miaka miwili anachuma majani ya mizeituni kila mwezi, ya mti huu na mti ule, na kupima ile dawa chungu iliyomo. Salha alimwonyesha karatasi.

"Ni mwandiko wangu. Mwezi wa tano mama alilalamika chai haimsaidii. Nikamwandikia baba, maana hasikii, aone sababu. Majani ya mti wa kupandikizwa wakati wa mvua ni dhaifu. Ya mwitu, wakati wa baridi, yana nguvu mara tatu."

"Nguvu mara tatu. Siyo kunywa mara tatu?"

Fidelia alifungua mdomo kujibu. Kisha akaiona bahasha ya vidonge mkononi mwa Salha, na ile 1x2 yake. Kumbe baba aliisoma x3 yake kama dozi.

Aliuliza baba yake anaamini nini. Salha alimwambia. Binti alijifuta uso kwa khanga, akasimama, akaingia ndani.

"Baba." Ilibidi aseme kwa sauti, na kituo kizima kikasikia. "Dozi niliikosea mimi. Nisamehe."

Mzee aliinua mikono kama anayezuia kitu kisimwangukie mwanawe.

"Hapana, mwanangu. Wewe uliandika sawa. Mimi ndiye niliyesoma vibaya."

Salha aliandika *ajali*, akamwagiza Filbert amfungulie Badru na amsindikize mwenyewe hadi dukani, watu wote waone. Mzee alikuwa bado amemshika binti yake, akirudia maneno yale yale, akidhani anamdanganya ili ampoze. Salha na Fidelia walijua kwamba ndiyo kweli yenyewe, na hakuna aliyemwambia.